Jinsi ya Kubadili Mazoezi ya Karate Yasikuchoshe na Msingi Usipotee

Karate hujengwa kwa kurudia. Mwanafunzi hupiga ngumi ileile na teke lilelile maelfu ya mara mpaka mwili uzoee kufanya bila kusubiri kufikiri, na tatizo huzaliwa hapohapo, kwa sababu kurudia kunakomjenga ndiko pia kunakomchosha. Wengi niliowaona wakiacha karate hapa Mwanza hawakuumia wala hawakukosa ada. Walichoshwa tu na kufanya kilekile, wakaanza kuchelewa, kisha wakawa wanaonekana Jumamosi pekee, mwishowe mkanda ukabaki umetundikwa msumarini nyumbani.

Mwongozo huu ni kwa mtu anayefanya mazoezi dojoni, yaani kwenye ukumbi wa mafunzo, mara mbili au tatu kwa wiki na ambaye ana siku nyingine za kujifanyia mwenyewe. Mifano mingi ni ya karate, lakini anayecheza taekwondo, judo au ndondi anaweza kuifuata kanuni ileile, nayo ni kubadili mazingira ya mbinu bila kuibadili mbinu yenyewe. Ngumi ya mkono wa nyuma, ile tunayoiita gyaku zuki, ibaki kama ulivyofundishwa. Kinachobadilika ni kasi yake, ardhi unayosimama, mtu unayemkabili, mpangilio wa zoezi na sababu ya kuipiga. Anayebadili mbinu kila wiki kwa kuwa ameona video mpya kwenye simu atafurahi kwa muda, ila atajikuta na mrundo wa mbinu ambazo hata moja haimtoki vizuri siku anapobanwa.

Jichunguze kabla ya kubadili chochote

Kuna uchovu ambao dawa yake ni mabadiliko, na kuna uchovu ambao mabadiliko huuzidisha. Kwa hiyo anza na wiki moja ya kujichunguza. Kila asubuhi kabla ya kuinuka kitandani, weka vidole viwili kwenye kifundo cha mkono, hesabu mapigo ya moyo kwa dakika nzima, uandike idadi hiyo kwenye daftari. Baada ya siku chache utaijua kawaida yako. Ikiwa kwa asubuhi mbili au tatu mfululizo mapigo yamezidi kawaida kwa 10 au zaidi, usingizi umekuwa wa mang'amung'amu, miguu ni mizito na chakula hakina ladha, basi hujachoshwa na ratiba. Mwili wako haujapona kutokana na mazoezi yaliyopita. Kinachotakiwa hapo ni siku kadhaa za mapumziko, usingizi wa kutosha na ugali wenye mboga ya kueleweka, iwe dagaa au sato, wala si zoezi jipya.

Na kwa sisi tunaoishi kando ya ziwa kuna hatua ya kutangulia hata hiyo. Uchovu, maumivu ya viungo, kichwa kuuma na kukosa hamu ya mazoezi ni dalili za malaria vilevile. Kipimo cha haraka katika zahanati huchukua takriban dakika 15 hadi 20. Kapime. Nimewaona vijana wanaoitwa wavivu na wenzao, kumbe wanapiga kata, ule mfululizo wa mbinu uliopangwa ambao mtu huufanya peke yake, wakiwa na vimelea kwenye damu.

Kama afya iko sawa na mapumziko yapo, jiulize swali la pili: je, mazoezi yamekuwa mepesi mno, au hujaona maendeleo kwa muda mrefu? Majibu haya mawili hutaka tiba tofauti. Yule ambaye mazoezi yamekuwa mepesi kwake anahitaji ugumu mpya, ambao maelezo yanayofuata yatampa kwa wingi. Yule asiyeona maendeleo mara nyingi anaendelea bila kujua, kwa sababu hana kipimo. Huyo aandike idadi ya mateke ya mzunguko anayoweza kuyapiga kwenye begi la kupigia kwa dakika moja kwa kila mguu, muda wa kumaliza njia yake ya kukimbia, na amwombe mwenzake ampige video ya kata moja kwa simu. Mara nyingi kuiona video ya miezi mitatu iliyopita humrudishia mtu ari kuliko zoezi lolote jipya.

Yasiyoguswa

Kabla ya kugusa ratiba, chagua vitu vitatu ambavyo havitabadilika: namna ya kupasha mwili moto, kata moja unayoijenga kwa sasa, na mbinu moja au mbili ambazo ndizo silaha zako za kumite, yaani pambano la watu wawili. Hivyo utavifanya kila wiki, upende usipende. Mwenye mkanda mweupe au wa njano abadili kidogo sana, kwa kuwa mwili wake bado unatafuta umbo sahihi na ukimvuruga mapema atashika makosa. Mwenye mkanda wa kahawia kwenda juu ana uhuru mkubwa zaidi, na pia ndiye mwenye hatari kubwa zaidi ya kuchoka, maana mapya anayofundishwa yamepungua.

Jambo jingine la adabu ni kwamba saa ya dojoni ni ya mwalimu. Usianze kugeuza kata katikati ya mstari wakati wenzako wanafuata hesabu. Mwendee baada ya mazoezi: "Shikamoo, Sensei. Naomba wiki hizi, nikiwa peke yangu, niifanye kata yangu kwa kuanzia kulia. Unaonaje?" Mwalimu mzuri atakubali na huenda akakuongezea jambo, au atakuambia usubiri mpaka kiuno chako kikae sawa, naye atakuwa na sababu zake.

Kasi, na msaada wa ngoma

Badiliko rahisi na lenye faida kubwa kuliko yote ni la kasi. Chukua kata unayoijua, tuseme Heian Shodan yenye hatua 21, ambayo ni mojawapo ya kata tano ambazo asili yake ni kazi ya mwalimu Anko Itosu, aliyezitunga mwanzoni mwa karne ya 20 kwa ajili ya wanafunzi wa shule za Okinawa. Ifanye mara moja kwa mwendo wa kawaida, kisha irudie ukitumia pumzi mbili nzima kwa kila hatua. Utashangaa jinsi inavyokuwa ngumu. Kasi ilikuwa inaficha mambo: goti linaloingia ndani wakati wa kugeuka, kisigino kinachoinuka, bega linalotangulia ngumi. Kwa mwendo wa polepole kila kosa linasimama peke yake na unaliona. Baada ya hapo ifanye kwa kasi kubwa kadiri unavyoweza, halafu kwa mchanganyiko, hatua tatu polepole na ya nne kama radi.

Hapa kwetu tuna chombo ambacho dojo nyingi za ugenini hazina, nacho ni ngoma. Bugobogobo, ngoma ya Wasukuma inayochezwa kwa majembe, ilitokana na kilimo cha pamoja, ambapo ngoma zilipigwa ili wakulima waende sawa na wasichoshwe na tendo moja la kuinua na kushusha jembe kutwa nzima. Mpiga ngumi ana shida ileile ya mkulima yule. Mwite mtu anayejua kupiga ngoma, au tumia ngoma zilizorekodiwa, na uwaache wanafunzi wafanye kihon, yaani mazoezi ya mbinu za msingi, kwa mapigo badala ya ile hesabu ya Kijapani ya ichi, ni, san.

Namna ya kufanya ni hii. Mpigaji aanze na mapigo ya taratibu yenye nafasi sawa, na kila pigo kubwa liwe ngumi moja. Wanafunzi wakishashika, aongeze kasi kidogo kidogo bila kuwaambia, kisha akate ghafla. Atakayepiga ngumi baada ya ngoma kunyamaza ameonesha kwamba alikuwa hafuati sauti, anafuata mazoea. Katika hatua ya pili, wanafunzi wapige kati ya pigo na pigo, jambo ambalo ni gumu mno kwa mtu aliyezoea kuhesabiwa, na ambalo ndilo linalotakiwa kwenye kumite, ambako pointi mara nyingi hupatikana katika nafasi ndogo iliyopo kati ya shambulizi moja la mpinzani na jingine. Katika hatua ya tatu wawili wawili wakabiliane, mmoja akisogea kwa kufuata ngoma na mwingine akijitahidi kuuvunja mdundo huo. Dakika 10 za zoezi hili huchangamsha darasa zima, na wapita njia husimama kutazama, jambo ambalo huwafanya vijana wakaze zaidi.

Mwelekeo na ardhi

Mwanafunzi anayefanya mazoezi katika ukumbi mmoja huweka ramani ya kata kwenye kuta bila kujua. Anajua kwamba baada ya kugeuka mara ya tatu atalikabili dirisha, kisha mlango. Mpeleke uwanjani, mgeuze aanze akiwa amelipa ziwa mgongo, na mara nyingi atasimama katikati ya kata, mkono ukiwa juu, macho yakilitafuta dirisha lisilokuwapo. Si kwamba amesahau kata. Aliikariri pamoja na ukumbi. Dawa yake ni kuanza kata kila siku ukielekea upande tofauti, kisha kuifanya kwa kinyume, kushoto ikiwa kulia, kisha ukiwa umefumba macho mahali tambarare pasipo na kitu cha kujikwaa. Umeme unapokatika jioni, badala ya kuwaruhusu watu waende nyumbani, huo ndio wakati mzuri wa kufanya kata gizani polepole, watu wakiwa wameachana nafasi ya kutosha.

Ardhi nayo hubadili zoezi kabisa. Ukumbi wa saruji huficha udhaifu wa kifundo cha mguu; mchanga wa ufukweni, kama ule wa Luchelele, huufichua kwa dakika moja. Kusogea mbele na nyuma kwenye mchanga katika zenkutsu dachi, yaani mkao mrefu wenye goti la mbele lililokunjwa, kurukaruka kwa miguu miwili na kukimbia mbio fupi fupi hujenga nyayo na mashavu ya miguu kwa namna ambayo sakafu haiwezi. Lakini usipige mateke ya mzunguko kwa nguvu kwenye mchanga mzito. Teke hilo linataka mguu uliosimama ugeuke, na mchanga ukiuzuia unyayo, kinachogeuka ni goti. Mateke hayo yafanyie kwenye nyasi au sakafu, na kule mchangani ubaki na teke la mbele, ngumi na mwendo.

Miamba ya jiji letu inashawishi sana, hasa kwa wapiga picha. Mwamba mpana, mfupi, mkavu na ulio tambarare unafaa kwa kata ya polepole na kwa kusimama kwa mguu mmoja. Mvua ikinyesha, au hata umande ukiwa bado upo, uache. Mateke ya kuruka juu ya mwamba ni ujinga, na sina maneno laini zaidi ya hayo.

Kuhusu maji, najua wengi watauliza kama wanaweza kupiga mateke ndani ya ziwa. Zoezi la majini lenyewe ni zuri, kwa kuwa maji hupinga mguu pande zote bila kuumiza viungo, ila Ziwa Victoria lina kichocho, ambacho vimelea vyake hutoka kwa konokono wa maji yaliyotulia ya pembezoni na kupenya kwenye ngozi, na katika sehemu nyingine lina mamba na viboko. Tumia bwawa la kuogelea kama unalipata. Kama hulipati, acha.

Changanya, usipange kwa mafungu

Mazoezi ya kawaida huenda kwa mafungu: ngumi za mbele, kisha teke la mbele, kisha teke la mzunguko, kila kimoja kwa idadi maalumu. Mpangilio huu una raha yake, kwa kuwa teke la mwisho katika fungu huwa zuri kuliko la kwanza na mtu huondoka akijiona amefuzu. Mwaka 1979 watafiti John Shea na Robyn Morgan walichapisha jaribio lililolinganisha watu waliojifunza mijongeo ya mkono kwa mafungu na waliojifunza kwa kuchanganyiwa. Wakati wa mazoezi, wa mafungu walifanya vizuri zaidi. Walipopimwa baadaye, waliochanganyiwa ndio waliokuwa wamehifadhi vizuri zaidi. Tafiti nyingi zimefuata tangu hapo katika michezo mbalimbali, na japo matokeo si sawa kila mahali, hasa kwa wanaoanza, wazo hilo linatufaa sana sisi tunaotaka kupunguza uchovu wa kurudia.

Utekelezaji wake hauhitaji vifaa. Mwenzako aseme "mbele", "mzunguko" au "ngumi" bila mpangilio, nawe upige papo hapo. Mkishazoea, aache kusema, aoneshe kwa pedi: pedi ikiwa imelala ni teke la mbele, ikiwa imegeuka pembeni ni teke la mzunguko, ikiwa kifuani ni gyaku zuki, na akiishusha kabisa usipige chochote. Hilo la mwisho ndilo linalowashinda wengi. Idadi ya mateke itabaki ileile uliyoizoea, lakini kichwa hakipati nafasi ya kusinzia. Utakosea zaidi kuliko unapofanya kwa mafungu, na usikate tamaa kwa hilo. Wanaoanza kujifunza mbinu mpya waanze na mafungu kwa wiki chache mpaka umbo likae, ndipo wachanganyiwe.

Kumite yenye mipaka, na rede

Kumite huchosha pale ambapo watu ni walewale na kila mmoja ameshajua mwenzake atafanya nini. Njia ya kuiamsha ni kuwekeana mipaka. Raundi moja mkono wa mbele peke yake ndio unaoruhusiwa. Raundi nyingine mmoja hushambulia kwa miguu tu na mwingine kwa mikono tu. Raundi nyingine mmoja huanza mgongo ukiwa hatua moja tu kutoka ukutani na kazi yake ni kujinasua hapo, wala si kupata pointi. Raundi nyingine pointi huhesabiwa kwa shambulizi la kujibu pekee. Kila mpaka hukulazimisha kutumia kitu ambacho umekuwa ukikikwepa. Mwenye kutegemea teke la mguu wa kulia akinyimwa mguu huo kwa dakika tatu atagundua kwamba hana mpango wa pili. Vaeni glovu, kinga ya meno na kinga ya kinena, na kwa watoto msiruhusu kugusana kichwani.

Kwa wepesi wa kukwepa, sijaona zoezi linaloshinda rede. Wawili wanarusha mpira wa soksi kutoka pande mbili, wa katikati anakwepa, na katika namna mojawapo ya mchezo huo anatakiwa wakati huohuo kujaza mchanga kwenye chupa. Tazama anavyofanya mcheza rede mzuri: anageuza kiuno, anatoka kwenye mstari wa mpira kwa hatua fupi, hakimbii mbali, na macho yake hayaiachi mikono ya mrushaji. Hayo ndiyo tunayoyaita tai sabaki na kuyafundisha kwa maelezo marefu. Wanaume wazima huona haya mwanzoni, lakini dakika mbili zinatosha kuwatoa jasho, na si ajabu kumwona binti wa darasa la sita akidumu katikati kuliko kaka zake wa mkanda wa kahawia. Watoto wadogo wawekewe mchezo wa mkia: kila mmoja anachomeka ncha ya mkanda wa ziada nyuma ya suruali, na anayekusanya mikia mingi anashinda.

Mgeni naye ni badiliko. Mwalikeni bondia, mfanye naye raundi za dakika tatu kwa pumziko la dakika moja, mjifunze jinsi anavyosogeza kichwa, jambo ambalo wengi wetu tunaocheza karate hatulijui. Mwalikeni mcheza judo awafundishe kuanguka. Jigoro Kano, aliyeanzisha judo mwaka 1882, aliupa uangukaji salama nafasi kubwa katika mafunzo yake, na kwa kweli mtu wa kawaida ana uwezekano mkubwa zaidi wa kuteleza kwenye ngazi zenye maji kuliko kuvamiwa.

Pumzi na nguvu

Mbio za asubuhi ndizo zinazoongoza kwa kuchosha, nazo ndizo rahisi kuzirekebisha. Mkiwa wengi, kimbieni mchakamchaka kwa kuimba na kuitikiana kama shuleni au JKT. Wimbo una kazi zaidi ya kuchangamsha: anayeweza kuitikia bila kukatika yuko kwenye mwendo wa wastani unaojenga stamina, na anayeshindwa kuitikia anakimbia zaidi ya uwezo wake wa siku hiyo. Ukiwa peke yako, tumia nguzo za umeme. Kimbia kwa kasi kutoka nguzo moja hadi nyingine, enda pole nguzo mbili, kisha chagua kitu kingine mbele yako, kijiwe cha bodaboda au mti, uende nacho mbio. Mwalimu wa riadha wa Uswidi, Gösta Holmér, aliasisi namna hii ya kukimbia katika miaka ya 1930. Njia ya Capri Point, yenye mwinuko na ziwa pembeni, inafaa sana. Kumbuka kwamba Mwanza jua huchomoza karibu saa 12 na dakika 40 asubuhi, kwa hiyo anayetoka saa 11 anakimbia gizani; avae nguo nyeupe na kukimbia upande unaomwezesha kuyaona magari yanayokuja.

Wengi siku hizi hutaja Tabata. Utafiti wa Izumi Tabata na wenzake uliochapishwa mwaka 1996 ulitumia baiskeli za mazoezi, kazi ya sekunde 20 na pumziko la sekunde 10, raundi saba au nane, kwa ukali mkubwa mno. Unaweza kuweka mateke, pushapu au skwati badala ya baiskeli, lakini kama baada ya dakika nne hizo bado unazungumza vizuri, ulichofanya ni mazoezi mengine yenye saa ileile. Mara moja au mbili kwa wiki inatosha.

Kwa nguvu, tafuta mpira wa ndani wa tairi la baiskeli uliochakaa. Ukate pale penye vali upate utepe mmoja mrefu, ukague wote kwa vidole kutafuta nyufa, kisha uufunge kwenye nguzo kwa kimo cha kiuno chako. Simama ukiipa nguzo mgongo, shika ncha kwenye ngumi ya mkono wa nyuma, upitishe mpira chini ya kwapa, na upige gyaku zuki polepole mpaka mwisho. Sehemu yenye manufaa zaidi ni kurudi: usiuache mpira uukokote mkono, uurudishe wewe mwenyewe. Ukiufunga kiunoni badala ya mkononi, utajifunza kusukuma kwa mguu wa nyuma. Mpira wenye ufa utupe, kwa sababu ukikatika hurudi usoni.

Walimu wa Goju-ryu, mtindo mmojawapo wa karate, kule Okinawa hutembea wakiwa wameshika mitungi kwa midomo yake, vidole vikiwa vimebana ukingo, na huongeza mchanga ndani yake kadiri mkono unavyopata nguvu. Makopo mawili ya plastiki ya rangi, ya lita nne na yenye ukingo usiokata, hufanya kazi hiyo. Anza na mchanga robo. Na kama unatengeneza begi la kupigia kwa gunia, jaza nguo kuukuu zilizochanwa. Mchanga mtupu hushuka chini na kuwa mgumu kama jiwe, na hapo ndipo vifundo vya mikono huharibika.

Kupanga wiki

Usiyachukue yote haya kwa pamoja. Chagua badiliko moja la ufundi na moja la pumzi au nguvu, uyashike kwa wiki tatu. Tuseme dojo ni Jumatatu, Jumatano na Jumamosi. Jumanne kimbia kwa nguzo na umalizie na mpira wa baiskeli. Alhamisi ifanye kata yako kwa mwelekeo mpya au kwa ngoma, isizidi dakika 40. Ijumaa na Jumapili pumzika. Wakati wa masika, uwanja unapokuwa tope, hamishia kazi ya Jumanne ndani na uweke kamba ya kuruka. Kila siku andika mistari miwili tu daftarini: ulichofanya, na kama ulitamani kiishe au kiendelee.

Wiki ya nne rudia vipimo vya mwanzo, yaani mateke ya dakika moja, muda wa njia yako na video ya kata, kisha linganisha. Kama kipimo kimepanda na hamu imerudi, badiliko hilo liingize kwenye ratiba ya kudumu na uchague jingine. Kama hamu imerudi ila kata imelegea, lipunguze liwe mara moja kwa wiki mbili. Kama hakuna kilichosogea, lifute bila huruma, hata kama ulilipenda.

Zinapobaki wiki mbili kabla ya mtihani wa mkanda au mashindano, simamisha majaribio yote. Fanya kata kwa mwelekeo wake wa kawaida, kwa hesabu ya kawaida, kwenye sakafu inayofanana na ile utakayoikuta siku hiyo, na umwombe mwalimu akusahihishe kama watahini watakavyokutazama. Ngoma, mchanga na rede vitaendelea baada ya hapo.